Neno Wakfu na Deni la Alama Moja

Nilipokuwa nikisahihisha insha za wanafunzi wangu, nilikutana na sentensi iliyosema kwamba mwalimu fulani amejiweka wakfu kwa kazi yake. Nikalipigia neno wakfu mstari mwekundu na kumkata mwandishi alama moja. Kwa maoni yangu, neno hilo lilikuwa la msikitini na kanisani, si la darasani. Alama hiyo imenibidi kuirudisha, na sababu ni hii.

Wakfu ni neno la asili ya Kiarabu. Mzizi wake una maana ya kusimama au kusimamisha. Ni mzizi uo huo unaotaja kule kusimama kwa mahujaji katika uwanja wa Arafa. Kiswahili, kisichopenda neno liishie kwa konsonanti, kikaliongezea irabu. Katika sheria ya Kiislamu, aliyeliweka shamba la minazi wakfu kwa ajili ya msikiti amelisimamisha: haliuzwi, halirithiwi wala halitolewi zawadi. Nazi zake, hata hivyo, huangushwa kila msimu na pato lake likawafaa watu. Wakristo nao wakalikaribisha neno. Biblia ya Union Version ya 1952 hulitumia kwa makuhani na kwa vitu vilivyotengwa kwa ajili ya Mungu.

Hapa ndipo linapoachana na kujitolea. Anayejitolea leo aweza kupumzika kesho, wala hapana wa kumlaumu. Aliyejiweka wakfu amekwisha kusimama mahali pamoja. Hana bei tena. Mwanafunzi wangu alijua alilolisema.

Lakini neno hili lina upande wa pili, ambao wasemaji wa majukwaani huusahau. Walimu wanapodai haki zao, huambiwa kuwa ualimu ni wito. Na iwe hivyo. Ila mali ya wakfu huwekewa msimamizi, na sehemu ya pato lake hutumika kuitunza mali yenyewe. Shamba lisilopaliliwa halizai eti kwa kuwa ni la wakfu. Anayemtaka mwalimu awe wakfu, naye akubali kuwa msimamizi mwaminifu.

Mwanafunzi nimemrudishia alama yake. Deni lililosalia si langu.