Majani nayo yanakula: mbolea gani tutie ku majani ya ngombe, na wakati gani?



Maulizo yanayotufikia juu ya mbolea ni ya maharagi, mahindi na viazi. Juu ya majani ya mifugo, kama vile matete, tripsakumu, setaria, ao brakiaria, karibu hakuna anayeuliza. Wengi wanasema: majani yanaota yenyewe, mvua inatosha. Kiisha, mwaka wa tatu, mashina yamekuwa membamba, majani yamegeuka manjano, na mtoto anatumwa mbali kukata pembeni ya mashamba ya watu. Hapo ndipo ugomvi wa majirani unaanza, na maziwa yanapunguka.

Ngombe mmoja, saki moja

Tuhesabu pamoja. Ngombe wa kienyeji wa kilo 250 anakula karibu kilo 25 za majani mabichi kwa siku. Kwa mwaka mzima ni tani 9. Ndani ya kila tani ya majani mabichi muna karibu kilo 3 za azoti, na potasi kiasi hicho ao kupita. Tisa mara tatu, kilo 27 za azoti. Saki ya urea ya kilo 50 ina kilo 23 tu.

Ni kusema, ngombe mmoja kwa mwaka anatoa katika shamba la majani azoti inayopita ile ya saki nzima ya urea. Kila mzigo unaobeba kichwani ni mbolea inayotoka shambani. Kama hairudi, udongo unachoka, hata mvua ikinyesha namna gani.

Lakini azoti hiyo haikupotea yote. Sehemu kubwa inatoka tena ku mavi na ku mkojo wa ngombe. Kwa hiyo, mbele ya kwenda dukani, angalia kiraro chako: saki ya kwanza iko pale.

Mavi kwa chakula, mkojo kwa majani

Tunajua shida: mavi ni machache, na mama wa nyumba anayataka kwa migomba na maharagi. Ana haki. Basi mgawanye kazi. Mavi yaliyooza yaende ku chakula. Mkojo, ambao walimaji wengi wanauacha uzame chini, uende ku majani. Mkojo una azoti nyingi na karibu potasi yote, vitu viwili ambavyo majani yanavipenda sana.

Tengeneza sakafu ya kiraro iwe ngumu na yenye kuinama kidogo, mfereji uingie ndani ya bidoni ao shimo lenye kifuniko. Changanya kipimo kimoja cha mkojo na vipimo vitatu vya maji, mwaga karibu na mashina jioni, siku chache kisha kukata. Usimwage juu ya majani machanga, yataungua.

Wakati wa kupanda majani mapya ni kitu kingine. Hapo mavi yaliyooza ni ya lazima: kilo 100 kwa ari moja, yaani kilo 1 kwa kila metre ya mraba, ichanganywe na udongo wa shimo. Majivu ya jikoni yanasaidia pia kwa potasi, zaidi ku udongo mwekundu wenye uchachu, ule ambao watu wa Walungu wanaita kalongo. Lakini majivu usiyachanganye na urea ao na mavi mabichi: azoti inageuka harufu kali na kuruka na upepo.

Kusoma namba za saki

Kama mkojo hautoshi, nunua. Ku kila saki kuna namba tatu: ya kwanza ni azoti, ya pili fosfori, ya tatu potasi, kwa kila kilo 100. Urea ni 46-0-0. DAP ni 18-46-0. NPK iliyo ya kawaida ni 17-17-17.

Usiangalie tu bei ya saki, angalia bei ya chakula kilicho ndani. Tuseme, kwa mfano tu, kila saki inauzwa dolari 46. Ndani ya urea muna kilo 23 za azoti, kila kilo inakuwa dolari 2. Ndani ya 17-17-17 muna kilo 8 na nusu za azoti, kila kilo inapita dolari 5. Kwa majani yaliyokwisha kushika, yenye kukatwa mara kwa mara, azoti ndiyo inayokosa kwanza, na urea ndiyo inaitoa kwa bei nafuu.

Lakini urea peke yake, mwaka kwa mwaka, inaongeza uchachu wa udongo na haina potasi hata kidogo. Kwa hiyo iende pamoja na mkojo ao majivu, kila kitu kwa siku yake. DAP itunze kwa siku ya kupanda, zaidi ku udongo mwekundu wenye kukosa fosfori. Na kama malisho yako yana trefle, kama vile kwenye milima ya Masisi, ama umechanganya desmodium, punguza urea sana: mimea hiyo inajitafutia azoti katika hewa, na urea nyingi inafanya majani mengine yaifunike.

Kiasi na wakati

Kipimo ni rahisi kukumbuka: kilo 1 ya urea kwa ari 1, kila unapotia. Kama umepanda kwa metre 1 kati ya mistari na nusu metre ndani ya mstari, ari moja ina mashina 200. Kila shina linapata gramu 5. Kifuniko cha chupa ya bia kinabeba karibu kiasi hicho, lakini hakikisha ku mizani ya koperative: jaza vifuniko 20, vinapaswa kufika karibu gramu 100.

Tia hivi:

1. Kata majani, acha kisiki cha santimetre 10 mpaka 15. Ngoja siku chache, mpaka machipukizi yaonekane.

2. Chagua siku udongo una unyevu. Usitie ku udongo mkavu, wala wakati mvua kubwa inakuja, juu itateremsha yote mtoni.

3. Fungua kamfereji kadogo, santimetre 10 kutoka ku shina, upande wa juu wa mteremko. Tia, kiisha funika na udongo. Urea iliyoachwa wazi ku jua, sehemu yake inaruka hewani.

4. Ngoja wiki 6 mpaka 8 mbele ya kukata tena.

Majani haya ni ya joto na mvua. Wakati wa kiangazi yanalala. Mtu wa pesa kidogo atie mara mbili: mvua zikishika Septemba ao Oktoba, na mwezi wa pili ao wa tatu. Akiwa na uwezo, aongeze mwisho wa Aprili, ili mavuno ya Juni yakaushwe na kuwekwa kwa kiangazi. Kutia Juni ao Julai ni kutupa pesa.

Hatari mbili

Ya kwanza: urea inaua ngombe na mbuzi wakiila. Saki ifungwe na iwekwe mbali na kiraro. Beseni ulilotumia usilioshee ndani ya maji wanayokunywa. Ya pili: majani machanga yaliyopata azoti nyingi, zaidi kama jua limekamata kisha kutia, yanaweza kuwa na sumu ya nitrate. Ndiyo sababu ya zile wiki 6. Na hata hapo, siku za kwanza changanya na majani mengine.

Jaribu mbele ya kuamini

Hatuombi kila mwanamemba anunue urea. Tunaomba ajaribu. Nunueni saki moja kwa pamoja, mgawane ku mizani. Kila mtu atie ku mistari 2, na aache mistari 2 ya karibu, yenye urefu sawa, bila kitu. Kisha wiki 6, kata na upime yote. Hesabu mzigo mmoja wa majani unauzwa ngapi kwenu, linganisha na bei ya urea uliyotia. Kama mistari ya urea haikurudisha pesa, acha, pengine udongo wako unakosa fosfori ao una uchachu, na mavi yatakusaidia zaidi. Kama imerudisha, sasa unajua kwa macho yako.

Leteni vipimo vyenu ku mkutano wa koperative. Tutaviandika ubaoni, kijiji kwa kijiji, ili mwaka ujao tununue kwa hesabu, si kwa kubahatisha.