Reli Iliyookolewa kwa Barua

Fikirini kwamba asubuhi moja mnafika stesheni na mizigo yenu, mnakuta karatasi imebandikwa ukutani: reli hii itafungwa. Mtafanya nini? Wengi wetu tungerudi nyumbani tukisema, “Wakubwa wamekwisha kata shauri.” Leo tunawapa habari za watu wa kaskazini ya Uingereza ambao hawakukubali kunyamaza.

RELI YA MILIMANI

Kati ya mji wa Settle na mji wa Carlisle kuna reli ya maili 72. Ilianza kuchukua abiria mwaka 1876. Inapita katika milima yenye baridi na upepo mkali, na pale Ribblehead inavuka bonde juu ya daraja la mawe lenye matao 24. Maelfu ya vibarua waliijenga kwa sururu, koleo na baruti. Wengi walikufa kwa ajali na kwa ndui, wakazikwa huko huko.

Mwaka 1970 stesheni ndogo 12 zilifungwa. Watu wa vijiji hivyo wakawa wanaliona gari moshi likipita, wala halisimami. Kisha Shirika la Reli likasema kwamba abiria ni wachache, na daraja la Ribblehead limechakaa, kulitengeneza kutakula mamilioni ya pauni. Mwaka 1984 matangazo ya kuifunga reli yote yakabandikwa.

SHERIA ILISEMAJE?

Hapo ndipo sheria ya mwaka 1962 ilipofaa. Sheria hiyo ilisema kwamba Shirika haliwezi kufunga njia ya abiria kimya kimya. Kwanza litangaze shauri lake katika magazeti ya mahali pale, majuma mawili mfululizo. Lieleze ni siku gani linataka kufunga, na ni usafiri gani utakaobaki. Kisha kila msafiri apewe majuma sita ya kupeleka pingamizi lake kwa maandishi. Likipelekwa hata moja, reli haifungwi mpaka Waziri akubali.

Barua hizo zilipokelewa na kamati ya wasafiri. Kazi ya kamati haikuwa kukagua hesabu za Shirika, bali kumweleza Waziri watu watapata taabu gani. Mzee asiye na motokaa atafikaje hospitali? Theluji ikifunga barabara, watu watapita wapi? Mambo ya namna hiyo ndiyo yaliyotakiwa. Mtu aliyeandika tu kwamba anaipenda reli yake hakuisaidia sana kamati. Aliyeeleza safari zake na shida itakayompata, huyo aliisaidia.

BARUA ELFU ISHIRINI NA MBILI

Wapenzi wa reli hiyo walikuwa wamekwisha kuunda chama chao tangu mwaka 1981. Wakaenda kwa watu wakiwaeleza namna ya kuandika. Zikapelekwa pingamizi zaidi ya 22,000! Moja ilikuwa ya mbwa, jina lake Ruswarp, aliyetia sahihi kwa wayo wake. Msicheke. Mbwa huyo alikuwa akilipiwa nauli, basi naye akahesabiwa kuwa msafiri.

Mwaka 1986 kamati zikaketi hadharani katika miji ya sehemu zile, watu wakasimama mmoja mmoja kusema shida zao. Mwisho kamati zikamshauri Waziri kwamba reli isifungwe.

Lakini shauri halikwisha hapo, maana kazi ya kamati ilikuwa kushauri tu; mwenye kukata shauri alikuwa Waziri. Mwaka 1988 serikali ilisema inaelekea kukubali reli ifungwe. Watu hawakukata tamaa. Waliendelea kusema, na zaidi ya hayo waliendelea kupanda gari moshi. Abiria waliokuwa 93,000 mwaka 1983 wakafika kama 450,000 mwaka 1989. Daraja nalo lilipopimwa vizuri, gharama yake ikaonekana kuwa ndogo sana kuliko ilivyotangazwa. Tarehe 11 Aprili 1989 serikali ikatangaza kwamba reli haitafungwa. Mpaka leo magari yanapita juu ya matao yale 24, na katika stesheni ya Garsdale imesimama sanamu ya Ruswarp.

TUJIFUNZE NINI?

Sheria ilifungua mlango tu. Haikumsukuma mtu aingie. Kama watu wangeyaacha majuma yale sita yapite bure, pasingekuwa na kikao wala taarifa ya kumpelekea Waziri. Basi, siku mtakapokuta tangazo ukutani, liwe la barabara, la soko au la shule, msiishie kusoma kichwa chake. Tafuteni mambo matatu: siku ya mwisho ya kupeleka neno ni lini? Nani anayelipokea? Na ni neno gani linalohesabiwa? Kisha kaeni, mkaandike. Haba na haba hujaza kibaba.