KUMLINDA MZEE SI KUMFUNGIA NDANI
Mgongo uliopasuliwa, maradhi ya mlipuko, na maisha ya babu na bibi nyumbani

Mwezi huu tuongee juu ya wazee wetu, hasa wale waliopasuliwa mgongo au wanaongoja kupasuliwa. Pengine si wengi, lakini wakiwepo mtaani wanajulikana. Ni yule bibi anayetembea ameinama. Ni yule babu anayesimama kila baada ya hatua kumi akijifanya anasalimia watu, kumbe miguu imekufa ganzi.

Korona ilipokuja mwaka 2020, wazee wa namna hii walipata shida mbili kwa pamoja. Ya kwanza kila mtu aliisikia: ugonjwa ule uliua wazee kuliko vijana. Ya pili ilikaa kimya ndani ya nyumba. Mzee aliambiwa akae, akakaa, na kukaa kwenyewe kukamdhoofisha.

MGONGO UNACHAKAAJE?

Uti wa mgongo ni pingili nyingi zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kati ya pingili na pingili kuna diski, kitu laini kama mto mdogo. Katikati ya mgongo mna mfereji unaopitisha mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari miguuni, kwenye kibofu na penginepo.

Mtu akizeeka, diski hukauka na kusinyaa, mifupa huota vinundu, na mfereji huwa mwembamba. Mishipa ikibanwa, mzee huumwa matako na miguu akitembea. Akikaa au akiinama mbele anapata nafuu. Ndiyo maana wengine hupanda mlima wakiegemea fimbo bila shida kubwa, lakini kushuka kunawashinda.

Kwetu sisi kuna sababu nyingine isiyofaa kusahauliwa: kifua kikuu. Watu wengi wanadhani kinakaa mapafuni tu. Hapana, kinaweza kula pingili za mgongo mpaka zikaporomoka na mtu akatoka kibyongo. Wengi hupona kwa dawa peke yake wakizimaliza. Wengine, hasa walioanza kulegea miguu, huhitaji operesheni.

Operesheni ya mgongo hufanywa ili kuifungua mishipa iliyobanwa, au kuzifunga pingili pamoja kwa vyuma ili zisichezecheze. Inaweza kumrudishia mzee miguu yake. Lakini daktari anafungua njia tu. Kutembea ni kazi ya mgonjwa mwenyewe na watu wa nyumbani kwake, kwa wiki na miezi.

KORONA ILIPOFUNGA VYUMBA VYA OPERESHENI

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema korona imekuwa ugonjwa wa dunia nzima. Hospitali nyingi zikaahirisha operesheni zote ambazo si za dharura. Wataalamu walikadiria kwamba katika wiki 12 tu za mwanzo, operesheni zipatazo milioni 28 zingeahirishwa au kufutwa duniani. Mgongo wa mzee ukahesabiwa miongoni mwa mambo yanayoweza kungoja.

Madaktari hawakuwa wakatili. Mwaka huohuo walifuatilia wagonjwa 1,128 waliopasuliwa wakiwa na korona, na karibu mmoja katika kila wanne alifariki ndani ya siku 30. Baadaye walichunguza wagonjwa zaidi ya 140,000 katika nchi 116, wengi wao wakiwa wamepasuliwa kabla chanjo hazijaenea. Aliyepasuliwa ndani ya wiki 6 baada ya kuugua korona alikuwa na hatari ya kufa zaidi ya mara mbili kuliko asiyeugua. Baada ya wiki 7 hatari ile ilishuka. Kwa hiyo mwenye kuahirisha alikuwa na sababu.

Lakini mzee aliyeahirishiwa alirudi nyumbani na maumivu yaleyale. Na yule aliyepasuliwa mwezi mmoja kabla ya korona alikosa mtu wa kumfanyisha mazoezi, akakosa hata tarehe ya kuonana na daktari. Wote wawili wakaambiwa neno moja: kaa ndani.

KUKAA NAKO KUNA BEI

Huko Japani, nchi yenye wazee wengi sana, wataalamu waliwauliza wazee 1,600 habari za mwendo wao. Januari 2020 mzee wa kawaida alijishughulisha kwa mwili dakika 245 kwa wiki. Aprili, baada ya korona kuingia, zilibaki dakika 180. Na hao walikuwa wazee wa majumbani tu, hawakuchaguliwa kwa sababu ya ugonjwa wa mgongo.

Je, kulala kunaharibu kiasi gani? Mwaka 2007 walichapisha habari za kundi dogo la wazee wenye afya njema waliokubali kulala kitandani siku 10. Katika siku hizo chache walipoteza karibu kilo nzima ya nyama za miguu. Siku 10 tu! Sasa fikiria mzee aliyekuwa dhaifu tangu mwanzo, mwenye kidonda mgongoni, akae miezi mitatu juu ya mkeka.

Miguu ikiisha nguvu, mgongo unabeba peke yake. Mzee anaogopa kuanguka, kwa hiyo hatembei. Asipotembea, miguu inazidi kuisha. Akilala sana anapata vidonda vya kulalia, anafunga choo, na damu inaweza kuganda miguuni. Usiku hapati usingizi kwa sababu mchana ameshinda amelala. Halafu anaanza kusema, "Mimi sasa ni mzigo." Neno hilo likitoka kinywani mwa mzee, jueni kuna ugonjwa mwingine umeingia, na huo haupimwi kwa picha ya mgongo.

MASWALI MATANO

Madaktari wakitaka kujua kama operesheni imemsaidia mtu hawaangalii kidonda tu. Wanapima ubora wa maisha yake. Kipimo kimoja kinachotumika nchi nyingi kina mambo matano, na nyumbani tunaweza kuyageuza kuwa mazungumzo. Tuna methali inasema mgonjwa haulizwi uji. Kwa uji ni kweli, mpikie tu. Kwa mambo haya matano, muulize:

1. Baba, mama, kutembea kukoje wiki hii? Umefika wapi bila kupumzika?
2. Kuoga na kuvaa unaweza mwenyewe, au kuna mahali panakushinda?
3. Ile kazi yako ya kila siku, kuchambua maharage, kusuka mikeka, kwenda kusali, umeirudia?
4. Maumivu yakoje? Yamepungua, yako palepale, au yameongezeka?
5. Moyo ukoje? Una hofu au huzuni?

Uliza siku ileile kila wiki. Kama kuna mtoto anayesoma shule, aandike majibu kwenye daftari. Mkifika kwa daktari baada ya miezi miwili, lile daftari litasema mengi kuliko "anaumwa tu". Na mzee mwenyewe akisomewa kwamba mwezi uliopita alifika mlangoni na leo amefika bombani, atajua anaenda mbele.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Kwanza fuateni alivyosema daktari aliyempasua, kwa sababu operesheni hazifanani. Haya ni ya kawaida kwa wengi:

Kutembea. Kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Anzeni na kuzunguka nyumba mara tatu, asubuhi, mchana na jioni, halafu muongeze. Haba na haba hujaza kibaba. Mtu mmoja atembee karibu naye, na fimbo iwe imara.

Kuamka. Asijinyanyue kwa kukunja mgongo. Abingirike ubavu mzima kama gogo, ateremshe miguu, ajisukume kwa mkono. Kitanda cha miti kinamfaa kuliko mkeka wa chini.

Kubeba. Ndoo ya lita 20 siyo yake tena, wala kuni, wala mjukuu mgongoni. Wiki za mwanzo asiiname na kujipinda.

Choo. Hapa ndipo wazee wengi wanaanguka. Kuchuchumaa kunawatesa. Fundi anaweza kutoboa tundu kwenye kiti na kukiweka juu ya shimo, na kusimamisha mti wa kushikilia kando. Usiku awe na taa na mtu wa kumsindikiza.

Chakula. Nyama za mwili hujengwa na maharage, dagaa, mayai, njugu. Mgao ukiwa mdogo, mzee asiwe wa mwisho kupakuliwa. Tumbaku nayo aache, inachelewesha mifupa kuunga.

Kukandwa. Asije mtu akamkanyaga mgongo au kumvuta ili "kuurudisha mfupa". Kwa mgongo uliopasuliwa hiyo ni hatari kubwa.

UGONJWA WA MLIPUKO UKIJA TENA

Tarehe 5 Mei 2023 WHO ilitangaza kwamba dharura ya korona imekwisha, ingawa virusi havikuondoka. Agosti 2024 ikatangaza dharura nyingine, mpox, ugonjwa ambao ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliupata vikali. Kwa hiyo tusiseme yamepita. Tujiandae namna hii:

Ugonjwa wa kuambukizwa kwa hewa, kama korona, unaenea sana ndani ya chumba kilichojaa watu bila madirisha. Nje kwenye upepo hatari ni ndogo zaidi. Basi mtoe mzee nje. Aketi chini ya mti, mbali kidogo na watu, atembee saa ambazo njia haina msongamano. Anayemwogesha anawe mikono kwa sabuni na avae barakoa. Mwenye kikohozi au homa asimhudumie. Mzee apate chanjo zinazotolewa.

Asisimamishwe kwenye foleni ya mgao. Ulizeni mapema ofisi inayogawa chakula namna ya kuandikisha mtu wa kumpokelea.

Tarehe ya daktari ikiahirishwa, ombeni namba ya simu kabla ya kuondoka, na muulize: mazoezi gani tuendelee nayo? Dawa hadi lini? Na kama amepata korona karibuni, mwambieni daktari kabla ya operesheni. Msifiche kwa kuogopa kupoteza nafasi.

USINGOJE TAREHE

Hata kama kuna mlipuko, mpelekeni zahanati siku hiyohiyo ukiona:
- mkojo unagoma kutoka, au mkojo na choo vinatoka bila yeye kujua;
- ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja;
- mguu mmoja au yote miwili inaishiwa nguvu ghafla;
- kidonda kinatoa usaha, au kuna homa;
- mguu mmoja umevimba na unauma, au anapumua kwa shida.

Dalili tatu za kwanza zinaonyesha mishipa imebanwa sana. Zikicheleweshwa, miguu au kibofu vinaweza visirudi tena. Mwaka 2020 wapo waliobaki nyumbani kwa kuogopa kuambukizwa hospitalini. Kwa dalili hizi, woga huo ni ghali mno.

Wazee hawa wametuvusha mipaka, wengine wakiwa na wajukuu mgongoni na mzigo kichwani. Leo mgongo uleule umechoka. Kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, mpe babu fimbo yake, mpe bibi mkono wako, mzunguke nyumba mara tatu.