Sauti Nzito Siyo Mwenye Wimbo

Kila ninapomsikilizisha mtu albamu ya Ballad of the Broken Seas, iliyotoka mwaka 2006, swali huwa moja: "Huyu jamaa ni nani?" Sijapata bado wa kuniuliza huyo dada ni nani. Na mwenye albamu, wasomi wenzangu, ni dada.

Jamaa ni Mark Lanegan, Mmarekani wa jimbo la Washington, aliyewika na bendi ya roki ya Screaming Trees. Sauti yake ni nzito, ina mikwaruzo, kama mtu aliyeamshwa saa tisa usiku na hajanywa hata maji. Dada ni Isobel Campbell, Mskoti wa Glasgow, mpiga selo aliyeiacha bendi ya Belle and Sebastian mwaka 2002. Yeye hapazi sauti kabisa. Ananong'ona, pumzi nyingi kuliko noti. Ukiwaweka pamoja unadhani atamezwa.

Hamezwi, na sababu yake ni fizikia ya kawaida tu. Sauti mbili zikigombea masafa yaleyale, moja huifunika nyingine. Hawa hawagombei. Noti yenye mitetemo 110 kwa sekunde ukiipandisha oktava moja inakuwa na 220. Yeye anakaa chini, dada anakaa juu, kila mtu na ghorofa yake. Halafu kuna maikrofoni. Mnong'ono ulionaswa kwa karibu unakuja kukaa sikioni mwako kabisa, wakati ile ngurumo inasikika kama inatoka chumba cha pili. (Msisikilize kwa spika ya simu, tafadhali. Haina besi, na nusu ya Lanegan inapotea. Azima hata hedifoni.)

Giza lake linatoka kwenye bluzi, muziki wa Wamarekani weusi wa majimbo ya kusini: mwendo wa taratibu, noti zinazoshuka kidogo chini ya pale sikio linapozingojea, habari za watu wanaoondoka. Si bluzi tupu, maana mna kantri pia, hadi Ramblin' Man wa Hank Williams. Lakini wimbo unaonikamata ni ule wa kwanza, Deus Ibi Est. Lanegan karibu anaongea tu, kavu, halafu Campbell anaingia juu yake na Kilatini cha kanisani. Mliokulia kwaya mtashtuka.

Sasa turudi kwa mwenye mali. Campbell ndiye aliyetunga sehemu kubwa ya nyimbo hizo, na ndiye prodyuza. Lanegan alichangia utunzi wa wimbo mmoja, Revolver. Tena sehemu kubwa ya kazi waliifanya mbalimbali, mmoja Uskoti, mwingine Marekani, rekodi zikitumwa huku na huku. Ule ukaribu unaousikia, kana kwamba wamekaa meza moja, ulijengwa na Campbell studio.

Zamani mambo yalikuwa kinyume. Kwenye Nancy & Lee ya mwaka 1968, Lee Hazlewood ndiye prodyuza na mtunzi mkuu, Nancy Sinatra akaimba. Ufaransa, Serge Gainsbourg alitunga, Jane Birkin akahema. Campbell aliigeuza meza: safari hii mwanamke ndiye anayemtungia mwanamume maneno ya kusema. Na bado masikio yetu yanampa sifa mwenye besi. Kwani si ndiyo yaleyale ya kazi za kikundi? Dada kaandika kurasa zote, kijana mwenye sauti ya redio kasimama mbele kuwasilisha, na darasa linampigia makofi kijana.

Albamu iliteuliwa kuwania tuzo ya Mercury ya 2006. Zikafuata Sunday at Devil Dirt (2008) na Hawk (2010), ambayo binafsi naiweka ya tatu. Lanegan alifariki Ireland tarehe 22 Februari 2022, akiwa na miaka 57.

Mkimaliza kuisikiliza yote, rudieni Black Mountain. Humo anaimba Campbell, bila ngurumo ya Lanegan, na giza ni lilelile.