Je, Wajua? Kwinini, Dawa Yenye Tabia Mbili

Kabambare bila kwinini
Mmisionari David Livingstone alifika Bambarre, Kabambare ya leo mkoani Maniema, Septemba 1869 akiwa hana kwinini, dawa ya homa. Watoro wa msafara walikuwa wamekimbia na sanduku lake la dawa tangu Januari 1867! Leo mti wa kwinini, mzaliwa wa Amerika Kusini, hulimwa Kivu, ng'ambo tu ya mpaka wa Maniema, na kiwanda cha Pharmakina mjini Bukavu hutoa dawa kwenye magome yake.




Chupa ya bia au vijiko viwili
Gramu moja ya salfeti ya kawaida ya kwinini huhitaji maji kama mililita 810 ili iyeyuke: chupa kubwa ya bia haitoshi. Iongezee tindikali ya salfuriki iwe bisalfeti, na mililita 9 zinatosha, vijiko viwili vya chai visivyojaa! Ndiyo maana anayekamua magome kwa maji ya tindikali anaweza kuyachemsha yapungue sana, dawa ikabaki imeyeyuka. Tindikali ikiwa haba, maji yakipoa tu fuwele zinatua chini.

Basi tuyapunguze hadi wapi?
Si hadi mwisho, na sababu zake ni tamu kuliko dawa yenyewe. Maji huondoka na mvuke, lakini tindikali ya salfuriki hubaki chunguni: shusha lita 10 ziwe lita 1, na ukali wake umepanda mara 10. Ukali na moto pamoja ni hatari. Mwaka 1853 Louis Pasteur alipasha kwinini moto pamoja na tindikali, akapata kitu kingine kabisa, kwinotoksini. Tena gundi na rangi za magome nazo huzidi kunata. Ukitia kiyeyushi kisichochanganyika na maji ili kivute dawa, kisha ukatikisa, unapata povu zito linalokataa kutengana, na hapo utasubiri hadi kesho. Mzoefu husimama kimiminika kingali kinatiririka vizuri. Mwenye mashine ya kunyonya hewa ana bahati zaidi, kwani shinikizo likishuka hadi sehemu moja ya kumi, maji huchemka kwenye nyuzi 46 hivi badala ya 100.

Tia chokaa, inahama
Ukishaua tindikali kwa chokaa au soda, kwinini huyachukia maji: gramu moja sasa inadai mililita 1,900. Klorofomu? Mililita 1.2 tu. Hamu hiyo ya kuhama ndiyo inayoiacha nyuma sukari na takataka nyingi za magome.

Kidogo kidogo hushinda
Tuseme dawa inakipenda kiyeyushi mara tatu kuliko maji. Una lita moja ya maji na lita moja ya kiyeyushi. Mimina kiyeyushi chote kwa mpigo, na robo ya dawa inabaki majini. Kigawe mafungu matatu, tikisa na kutenga mara tatu, na inayobaki ni sehemu moja ya nane! Kiyeyushi ni kilekile, hakijaongezwa hata tone. Na maji yakiwa yamepunguzwa mapema, hata hicho kiyeyushi kinahitajika kidogo.

Inawaka buluu
Kwinini ndani ya tindikali ya salfuriki hung'aa buluu ikimulikwa na miali isiyoonekana ya jua. George Stokes aliichunguza ajabu hiyo mwaka 1852. Mkamuaji anaweza kumulika maji ya mwisho ya magome kuona kama kuna dawa iliyosalia. Lakini asitumie tindikali ya hidrokloriki: kloridi huuzima mwanga huo, ingawa kwinini bado imo.