Muhuri Pekee Hauondoi Shaka

Majuzi nikifundisha somo la afya, mwanafunzi mmoja aliniuliza swali lililonitoa jasho: "Mwalimu, nyama ikiwa na muhuri, basi ni salama?" Nilitaka kujibu ndiyo, lakini ulimi ukasita.

Nilikumbuka Julai 2019, runinga moja nchini iliporipoti kwamba baadhi ya maduka makubwa yalitia nyama sodiamu metabisalfaiti ili idumu kuwa nyekundu ingawa imeanza kuharibika. Kemikali hiyo yaweza kumzidishia mwenye pumu maradhi yake.

Yamkini nyama hiyo ilikuwa na muhuri. Mkaguzi machinjioni hupasua tezi na mapafu akitafuta kifua kikuu, na misuli ya taya akitafuta vifuko vya tegu. Akiridhika, hupiga muhuri. Yatendekayo dukani baadaye, muhuri hauyajui.

Tumezoea kuogopa nyama ya vichochoroni, kumbe kikulacho ki nguoni mwako: hatari ilikuwa chini ya taa za duka safi.

Kwa maoni yangu, wakaguzi na wafike madukani bila kubisha hodi, wachukue nyama ikapimwe, na matokeo, yawe mema yawe mabaya, yabandikwe mlangoni tuyasome. Imani ya umma haijengwi kwa hotuba za kutuliza watu; hujengwa kwa ukweli uliowekwa wazi.

Hadi hapo, mwanafunzi wangu nimemjibu hivi: muhuri ni mwanzo wa usalama, si mwisho wake.