Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: kwa Zawadi au kwa Bei?

Anayesafiri kupita maeneo ya kipato cha chini hujiuliza awasaidieje watu anaowakuta, na mara nyingi mkono humtangulia: pipi kwa watoto, sarafu dirishani, nguo kuukuu kwenye begi. Kwa vipimo vya Benki ya Dunia, Tanzania iliingia kundi la nchi za kipato cha kati cha chini Julai 1, 2020, lakini wastani wa taifa hauingii jikoni kwa mtu. Kaya nyingi za vijijini bado zinaishi kwa mavuno ya msimu mmoja. Hoja ya makala haya ni kwamba mpita njia huwafaa wenyeji zaidi akiwa mnunuzi makini kuliko akiwa mgawa zawadi, na Itigi, mkoani Singida, inatosha kulithibitisha hilo.

Itigi imo kwenye Reli ya Kati, ile iliyojengwa na Wajerumani ikafika Kigoma mwaka 1914. Mji umezungukwa na kichaka kinachojulikana na wanabotania duniani kote: miti mifupi ya mita tatu hadi tano, iliyosongamana hata mtu apenye kwa shida, inayopukutisha majani kiangazi. Uoto wa namna hiyo ni nadra. Eneo jingine linalofahamika liko kaskazini mwa Zambia, na kote kuwili sehemu kubwa imekwisha kufyekwa. Katika kichaka hicho hutoka bidhaa mbili ambazo msafiri huzikuta njiani, asali na mkaa. Nyuki wanataka miti isimame ichanue. Tanuri la mkaa linataka ikatwe. Gunia la mkaa linalopakiwa kwenye gari humpa mwenyeji fedha leo, lakini mti ule ule hautampa tena kwa miaka mingi. Chupa ya asali huacha mti pale ulipo, na mzinga hurinwa tena msimu ujao. Kwa hiyo, kile msafiri anachonunua kina sauti katika uamuzi wa mwenye shamba, abakize kichaka au akifyeke.

Kununua vizuri kunataka ujuzi kidogo. Asali ni nzito kuliko maji: lita moja ina uzito wa takriban kilo 1.4, hivyo chupa ya nusu lita iliyojaa hubeba kama gramu 700. Duka la mjini likiuza kopo la gramu 500, usilinganishe kopo na chupa. Piga hesabu ya kilo kwanza, ndipo useme ghali au rahisi. Asali kuganda chembechembe si ushahidi kwamba imechanganywa sukari, maana kuganda ni tabia yake ya asili. Hofia zaidi povu na harufu ya uchachu. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka maji yasizidi asilimia 20 katika asali ya kawaida, na asali iliyorinwa kabla nyuki hawajaziba masega kwa nta huwa na maji mengi. Muulize muuzaji kama masega yalikuwa yamezibwa. Swali hilo humjulisha kwamba ubora unalipa. Na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asilambishwe asali, hata iwe safi namna gani.

Wapo watakaosema mwenye njaa hangoji msimu. Ni kweli, na dharura haina mjadala. Ila msaada wa dharura upite kwa wanaojua nani anahitaji nini: zahanati, ofisi ya kijiji, mwalimu mkuu. Mtoto anayelipwa kwa kusimama dirishani saa za masomo anafundishwa kwamba barabara inalipa kuliko darasa. Hata dawa zina utaratibu: miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataka dawa za msaada zifike zikiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda. Wengine watadai kwamba mgeni mwenye fedha huwapandishia wenyeji bei. Hilo nalo ni kweli, ndiyo maana ulipe bei ya pale: uliza kwa wauzaji wawili watatu, usiongeze kwa huruma, wala usimkandamize muuzaji kwa sababu gari linakaribia kuondoka. Na anayesema chupa moja haibadilishi kitu asahau chupa moja, ahesabu mabasi na malori yanayopita kila siku.

Tena nafasi hii inapungua. Treni ya umeme ilianza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, na abiria wake hanunui kitu dirishani kama wa treni ya zamani. Kipande cha Makutupora hadi Tabora, kinachofuata ukanda huu wa Itigi, kikikamilika, wengi watapita bila kushuka. Basi unayesafiri, chukua namba ya simu ya muuzaji aliyekupa asali nzuri, agiza tena ukiwa nyumbani, lipa kwa simu, mzigo uje na basi. Mkaa uache huko huko. Mwenyeji hupona kwa mteja anayerudi.